Uwanja wa Ndege Unapojengwa, Visima Vilindwe Vipi?

Mji wa Wajir hauna mto. Ewaso Ng'iro huishia katika kinamasi cha Lorian, upande wa Habaswein, na wakaazi wa mji wametegemea tangu zamani visima vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa. Maji hayo yako karibu sana na uso wa ardhi. Ndiyo sababu kwa miongo mingi mji huu ulitumia vyoo vya ndoo: shimo la choo la mita chache tu lingekutana na maji yale yale ambayo jirani anateka.

Hali hiyo inafaa kukumbukwa kila kunapotajwa ujenzi katika uwanja wa ndege, iwe ni ukarabati wa njia ya kurukia ndege, upanuzi wa jengo la abiria au uwekaji wa uzio. Uwanja unahitajika. Huleta dawa, huokoa wagonjwa wa dharura, na mvua zinapokata barabara ndio mlango pekee unaobaki wazi. Lakini mitambo ya ujenzi hufanya kazi juu ya ardhi inayopitisha kila kinachomwagika.

Wengi hudhani kwamba hatari kubwa ya ujenzi ni vumbi, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Vumbi hudhibitiwa kwa kunyunyizia maji, na hapo ndipo swali la kweli linapoanza: maji hayo yanatoka wapi?

Chukua mfano wa hesabu. Njia ya ndege yenye urefu wa mita 2,000 na upana wa mita 30 ikiwekewa tabaka moja la changarawe lenye unene wa sentimita 20, kinachohitajika ni mita za ujazo 12,000 za changarawe, yaani takriban tani 24,000. Changarawe kavu haishikamani hata ikipitiwa na roli mara ngapi. Ni lazima ilowe kwa kiwango maalum. Kiwango hicho kikiwa asilimia 8 ya uzito wake, tabaka hilo moja litameza lita 1,920,000 za maji. Hiyo ni mitungi 96,000 ya lita 20. Na njia ya ndege huwa na tabaka zaidi ya moja, bila kuhesabu maji ya zege, ya vumbi na ya kambi ya wafanyakazi.

Maji hayo yakivutwa kwa pampu kutoka visima vya mji wakati wa kiangazi, mama anayeteka kwa kamba ndiye atakayetangulia kuona kina kikishuka. Katika maeneo kama haya, kuvuta maji kupita kiasi kunaweza pia kuyaleta juu maji ya chumvi yaliyo chini ya yale matamu, na kisima kilichogeuka chumvi hakirudi haraka katika hali yake.

Kuna njia ya kupunguza madhara, nayo haina gharama ya ajabu. Tabaka za chini za njia ya ndege zinaweza kushindiliwa kwa maji yenye chumvi kiasi ambayo binadamu hayanywi, mradi yapimwe kwanza katika maabara. Katika zege lenye vyuma hayafai, kwa sababu chumvi hula chuma, na karibu na lami pia huleta kasoro. Kwa hivyo mwanakandarasi anaweza kuchimba kisima chake kirefu mbali na vya mji, kwa kibali cha maji, kisha akakifunga au akakikabidhi kwa kamati ya maji kazi ikiisha. Jambo hili liandikwe kwenye mkataba. Likiachwa kwa maneno ya mdomo, boza litaenda kisima kilicho karibu.

Mafuta ni jambo la pili. Tangi la dizeli la kambi halifai kuwekwa juu ya udongo mtupu. Kanuni inayokubalika katika ujenzi ni kulizungushia ukuta usiopitisha maji, wenye uwezo wa kushika asilimia 110 ya ujazo wa tangi, ili likipasuka usiku asubuhi kila kitu kikutwe ndani ya ukuta. Oili ya injini ibadilishwe juu ya sakafu ya zege, na oili chafu ikusanywe kwenye mapipa. Vyoo vya wafanyakazi navyo viwe na matangi yaliyozibwa na kunyonywa na lori la maji taka. Itakuwa jambo la kushangaza mji uliovumilia ndoo kwa miaka mingi kwa ajili ya visima vyake ukiletewa kambi yenye vyoo vya shimo.

Baada ya hapo kuna matimbo. Changarawe na mawe yote huchimbwa mahali fulani, mara nyingi kilomita kadhaa kutoka uwanjani, katika malisho ya watu ambao huenda hawajawahi kupanda ndege. Timbo likiachwa wazi hujaa maji ya mvua. Watoto huogelea humo na ngamia huteleza kwenye kingo zake, na mbu huzaana. Wazee wa Wajir hawajasahau mvua za El Niño za 1997 na 1998: zilifuatwa na mlipuko mkubwa wa malaria na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo. Mvua ile ilikuwa kubwa kuliko kawaida na haikuhitaji matimbo ili kuleta maafa, lakini hakuna sababu ya kuwachimbia mbu mabwawa zaidi.

Mara nyingine jamii huomba timbo liachwe liwe silanga ya kunyweshea mifugo. Ombi hilo linaweza kuwa la busara, mradi kingo zichongwe kwa mteremko wa kufaa wanyama, pawe na uzio na sehemu ya kunyweshea, na liwe mbali na visima vya watu. Liwe mbali pia na uwanja wenyewe, kwani maji yaliyo wazi huita ndege, na ndege wa angani na ndege ya abiria hawafai kukutana. Kwa sababu hiyo hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hupendekeza majalala ya taka yasiwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani. Wale korongo wakubwa wenye vipara wanaozoea majalala ya miji ya kaskazini wana uzito wa kutosha kuharibu injini.

Mbegu za mathenge nazo husafiri na udongo. Changarawe isichukuliwe penye vichaka vyake.

Njia mpya ya ndege pia hubadilisha mkondo wa mvua. Ile ya mfano wetu ina eneo la mita za mraba 60,000. Mvua ya milimita 50 itamwaga juu yake lita milioni tatu ambazo zamani zingezama ardhini. Mitaro ikielekezwa vibaya, maji hayo yataingia kwenye maboma yaliyo bondeni. Ramani ya mitaro ni ukurasa mmoja tu katika ripoti, na wakaazi wa upande wa chini wanapaswa kuuona.

Ripoti hiyo ni ile ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria ya mazingira ya 1999 inaitaka kwa miradi mikubwa, viwanja vya ndege vikiwemo, kabla kazi haijaanza. Huwasilishwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kanuni za 2003 ziliagiza mikutano isiyopungua mitatu na wananchi watakaoathiriwa, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Usafiri wa anga ni jukumu la serikali ya kitaifa, lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti uzoaji wa taka, udhibiti wa kelele na hewa chafu, pamoja na huduma za maji. Aidha, Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Mikutano mingi hutumia muda wake wote kwa suala la ajira, na ajira ni muhimu. Hata hivyo kamati ya maji iombe nakala ya mpango wa usimamizi wa mazingira na itafute kurasa tatu: chanzo cha maji, mahali pa matimbo na ramani ya mitaro. Kabla tingatinga la kwanza kuwasili, visima vilivyo karibu vipimwe kina na chumvi mbele ya mashahidi, na vipimo viandikwe. Bila vipimo hivyo hakuna atakayeweza kuonyesha baadaye kwamba maji yamebadilika.

Kazi inapokamilika, sehemu ya malipo ya mwanakandarasi kwa kawaida huzuiliwa hadi kasoro zirekebishwe. Timbo lisilofukiwa na kambi isiyosafishwa ni kasoro kama ufa kwenye lami, na wakati wa kuyasema hayo ni kabla pesa hizo hazijaachiliwa.