Umeificha programu ya pesa, lakini SMS je?

Jumamosi moja tulikuwa Kawangware, karibu na steji ya 46, tumeketi nje ya duka la ajenti na kimeza chetu, tunawasaidia wateja kuweka programu kwenye simu. Mama mmoja muuza mboga alingoja hadi wengine wakaondoka, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini: "Kijana wangu, hii kitu yenu inaweza kukaa kwa simu bila mtu kuiona?"

Hakuwa na siri mbaya. Kila jioni anaweka shilingi 100 za karo ya muhula ujao, na simu yake ndiyo simu ya nyumba nzima. Kitinda mimba anaangalia katuni, shemeji anaomba kupiga simu moja tu, mzee naye anaichukua usiku kutafuta matokeo ya mpira. Kila aliyewahi kuona salio amekuja na shida yake. "Nikikataa, ni maneno," akasema. "Nikikubali, karo imeenda."

Siku chache baadaye, Kibera upande wa Olympic, swali likawa lile lile, ila safari hii lilitoka kwa kijana wa bodaboda. Yeye hakuwa na wasiwasi na watu wa nyumbani. Aliogopa kupokonywa simu akiwa amesimama anangoja abiria.

Wote wawili tuliwaonyesha jinsi ya kuficha programu, wakashukuru, wakaenda. Baada ya wiki mbili yule mama akarudi, na hakuwa anacheka. Mtoto alikuwa kwenye katuni, watu wamejaa sebuleni, SMS ya kuthibitisha pesa ikashuka juu ya skrini. Mtoto ndio ameanza kujua kusoma, basi akasoma kwa sauti, kwa fahari yote: umepokea kiasi hiki, salio lako jipya ni hiki. Programu ilikuwa imefichwa vizuri kabisa, na bado kila mtu alijua.

Kwa hivyo tulikuwa tumefanya kazi nusu. Leo tumalizie.

Kuficha ikoni

Tuanze na sehemu rahisi. Kwa Samsung, bonyeza kwa muda mahali patupu kwenye skrini ya kwanza, fungua setingi za skrini hiyo, tafuta "Hide apps", chagua unayotaka ifichike, kisha maliza. Ni dakika moja. Kwa Redmi, Tecno, Infinix na itel menyu hubadilika kutoka modeli moja hadi nyingine, kwa hivyo usihangaike kukumbuka njia. Fungua setingi, kule juu kuna sehemu ya kutafuta, andika "lock" au "hide". Simu nyingi za aina hizi huja na kifunga programu kutoka kiwandani. Kwa iPhone yenye iOS 18 au mpya zaidi, bonyeza ikoni kwa muda, chagua kudai Face ID au alama ya kidole, na hapo hapo utaulizwa kama unataka kuificha kabisa.

Kama simu yako ina Android 15 au zaidi, angalia kama ina Private Space ndani ya setingi za usalama. Hicho ni kama chumba cha ndani chenye kufuli yake. Kikiwa kimefungwa, programu zilizomo hazionekani, hazifanyi kazi, na hazitoi arifa yoyote. Samsung nazo zina Secure Folder, ingawa baadhi ya zile za bei ya chini hazinayo.

Sasa, tusidanganyane. Ikoni iliyofichwa kwa ile njia ya kwanza bado inaonekana kwenye orodha ya programu ndani ya setingi. Na mtu akiitafuta programu hiyo Play Store, haitamwambia "sakinisha", itamwambia "fungua". Kuficha ikoni kunamzuia anayechungulia tu. Anayetafuta kwa makusudi ataipata. Ndiyo maana kati ya kuficha na kufunga, sisi tungekwambia funga kwanza, halafu ufiche ukipenda.

Ile SMS

Hapa ndipo wengi tunaanguka. Huduma za pesa kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007 kwenye simu za kawaida, zile za mulika mwizi, wakati karibu kila kitu kilipita kwa SMS. Tabia hiyo imebaki. Kila muamala unaleta ujumbe wenye kiasi, jina la aliyetuma au aliyepokea, na mara nyingi salio. Programu ni mlango mmoja tu, na SMS ni dirisha lililoachwa wazi.

Cha kwanza, zuia ujumbe usisomeke simu ikiwa imefungwa. Ingia setingi, nenda kwa arifa, kisha arifa za skrini iliyofungwa, na uchague kuficha maudhui. Simu italia, utajua kuna ujumbe, lakini maneno hayataonekana hadi uifungue.

Lakini hiyo haingemsaidia mama yetu, maana simu yake ilikuwa imefunguliwa, iko mkononi mwa mtoto. Dawa yake ni kitu ambacho simu nyingi za Android zinacho na wachache wanakitumia: kubandika programu moja kwenye skrini. Kwa Kiingereza setingi zinaiita "App pinning" au "Pin app", na iko kwenye setingi za usalama. Iwashe, na uwashe pia ile sehemu inayodai PIN kabla ya kubandua. Hii ya pili usiiruke, kwa sababu bila hiyo mtoto wa miaka sita atabandua kabla hujafika jikoni. Halafu ukimpa simu, fungua katuni, zibandike. Hawezi kutoka humo kwenda programu nyingine, na arifa hazishuki. Shemeji akitaka kupiga simu yake moja, bandika sehemu ya kupigia simu. Humnyimi mtu simu, na hakuna cha kugombania.

Kuna wanaofuta kila SMS ya pesa punde inapoingia. Tunaelewa, ila kuna gharama. Ukituma pesa kwa namba isiyo yake, au muuzaji akikana kwamba amelipwa, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni namba ya muamala, na namba hiyo iko kwenye ujumbe uliofuta. Ukiwa lazima ufute, iandike kwanza mahali, au uwe na mazoea ya kuomba taarifa ya akaunti mara kwa mara.

Kidole cha nani?

Jambo hili tuliligundua tukiwa tunajaribu simu za wateja wenyewe. Watu wengi wamesajili vidole vya familia kwenye simu moja: cha mume, cha mtoto mkubwa, cha dada anayekuja kutoka ushago. Nia ilikuwa ni kufungua simu tu. Lakini programu nyingi za pesa zikiruhusiwa kutumia alama ya kidole, hazijui kidole ni cha nani. Zinauliza simu, na simu inajibu kwamba kidole kinatambulika. Kwa hivyo kila aliyesajiliwa anaweza kuingia. Fungua setingi uhesabu vidole vilivyomo, na ufute visivyo vyako.

Na hata kikiwa chako peke yako, kumbuka chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja. Mtu aliyelala haulizwi ruhusa ya kidole chake. Kama hilo linakusumbua, zima kidole ndani ya programu ya pesa na utumie PIN, PIN ambayo si ile ile ya kufungulia simu. Ile ya simu watoto wote wa ploti washaijua.

Laini yenyewe

Turudi kwa kijana wa bodaboda. Mwizi aliyepokonya simu Kibera au popote pale hana haja ya kutafuta ikoni. Anatoa laini, anaiweka kwenye mulika mwizi ya shilingi elfu moja na kitu, anapiga ile namba ya nyota, na menyu ya pesa inafunguka. Programu yako iliyofichwa imebaki kwenye simu nyingine kabisa. Kilichobaki kati yake na pesa zako ni PIN. Akishaishika laini, namba za uthibitisho za barua pepe, WhatsApp na benki zinakuja kwake pia.

Wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa kama PIN. Halafu kwenye picha za simu kuna kitambulisho, mbele na nyuma, kile ulichompigia picha mtu wa kazi au wa mkopo. Mwaka wa kuzaliwa umeandikwa hapo hapo. Nenda kwenye picha na kwenye WhatsApp sasa hivi, utafute hizo picha, uzifute au uzihamishie mahali penye kufuli.

Kisha weka PIN ya laini. Hii ni tofauti na PIN ya pesa na tofauti na ya simu. Inakaa kwenye laini yenyewe, na laini ikihamishiwa simu nyingine au simu ikizimwa na kuwashwa, inaulizwa kabla laini haijashika mtandao. Iko kwenye setingi za usalama, chini ya kufunga SIM. Usiharakishe lakini. Laini huja na PIN ya kiwandani, na ukiikosea mara tatu inajifunga na kudai namba ya PUK. Ukiikosea PUK mara kumi, laini imekufa, unaenda kuibadilisha. Pigia mtandao wako kwanza upate namba zote mbili, ndipo uguse hiyo setingi. Na uandike pia IMEI ya simu yako kwa kupiga *#06#, uiweke nyumbani kwenye daftari. Ukipokonywa, piga simu kufunga laini kwa simu ya rafiki, na ukienda polisi kuchukua abstrakti, unaweza kuulizwa IMEI hiyo.

Programu za kuficha programu

Tukiwa Toi Market tuliona vijana wakitumiana kwa Bluetooth programu inayojifanya kikokotoo, ukiweka namba fulani inafungua hazina ya siri. Inafurahisha, tunakubali. Shida ni kwamba baadhi ya programu za aina hiyo zinaomba ruhusa ya kusoma skrini na kila unachoandika, na kilichotoka nje ya Play Store hujui kimetengenezwa na nani. Umejificha kwa mke, umejianika kwa mtu usiyemjua. Tumia kilichokuja na simu.

Na kuficha programu ya mkopo hakuizuii kuangalia. Kama uliiruhusu kusoma anwani za watu wako, inaendelea kuwa na ruhusa hiyo hata ukiificha chini ya ardhi. Google ilikataza programu za mikopo kwenye Play Store kugusa anwani na picha kuanzia Mei 2023, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza mkopeshaji kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Hata hivyo ingia kwenye ruhusa za kila programu uone mwenyewe. Ukipata jambo lisiloeleweka, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019.

Faragha yenyewe iko kwenye Katiba, kifungu cha 31. Ni kweli hakuna anayekariri Katiba shemeji akiwa amesimama mlangoni. Lakini ni vizuri ujue kwamba kutaka salio lako libaki lako si uchoyo. Na ikiwa aliye nyumbani anakunyang'anya simu kwa nguvu au anakupiga kwa sababu ya pesa, hapo si mambo ya setingi tena. Piga 1195, ni bure.

Usifiche hadi wewe mwenyewe ukose

Pesa za chama zisifichwe. Kama wewe ni mweka hazina, na michango ya watu ishirini iko kwenye simu yako, wanachama wana haki ya kuona taarifa ya akaunti kila mkutano. Weka pesa hizo kando na zako, ili ukionyesha moja usilazimike kuonyesha nyingine.

Halafu kuna swali ambalo watu hawapendi. Ukiugua ghafla, au usiporudi nyumbani, nani anajua kwamba kuna pesa? Tumekutana na familia zilizokuja na kitambulisho na cheti cha kifo, hazijui hata ni akaunti gani ya kuulizia. Huna haja ya kumpa mtu PIN, na usimpe. Mtu mmoja unayemwamini ajue tu kwamba akiba ipo na iko wapi.

Yule mama alimchagua dada yake aliye Kakamega. Tukiwa bado naye tulibandika katuni, tukazima arifa za skrini iliyofungwa, tukafuta vidole viwili, kimoja hata yeye hakukumbuka ni cha nani. PIN ya laini alisema ataiweka akishapata PUK, na Jumamosi iliyofuata akaja nayo imeandikwa kwenye karatasi ya sukari. Tukaiweka, akaikunja karatasi ile, akaifunga kwenye pembe ya leso.