Chujio la Mchanga: Namna Mchanga Unavyosafisha Maji

Mwaka 1892 ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika mji wa Hamburg, nchini Ujerumani, ukaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona, uliopakana nao, ulipata vifo vichache tu. Miji yote miwili ilitumia maji ya mto Elbe. Tena Altona uliyateka upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa mtoni. Lakini maji ya Altona yalipitishwa kwanza katika mchanga, na ya Hamburg hayakuchujwa.

Je, mchanga huzuiaje vijidudu? Chembe ya mchanga ufaao ina upana wa milimeta 0.2 hivi, na bakteria wa kipindupindu ana urefu wa milimeta 0.002 hivi. Nafasi zilizo kati ya chembe ni kubwa kuliko bakteria huyo. Kama mchanga ungefanya kazi kama kung'uto la tui tu, bakteria wengi wangepita.

Siri imo katika utando laini unaoota juu ya mchanga baada ya wiki mbili hadi nne. Utando huo ni makazi ya viumbe hai wadogo wanaokula bakteria wapitao. Bakteria wengine hunata kwenye chembe za mchanga, na wengine hufa chini zaidi kwa kukosa chakula. Basi chujio la mchanga ni kitu chenye uhai.

Chujio la nyumbani laweza kutengenezwa kwa pipa safi la lita 200 ambalo halikutiwa sumu wala kemikali. Chini huwekwa kokoto, sentimeta 10. Kisha changarawe, sentimeta 5. Juu yake mchanga uliooshwa vizuri, sentimeta 50. Bomba la kutolea maji huanzia kwenye kokoto na kupanda nje ya pipa, mdomo wake ukiwa sentimeta 5 juu ya usawa wa mchanga. Hivyo maji hubaki juu ya mchanga hata chujio lisipotumika. Mchanga ukikauka, viumbe wa utando hufa. Maji yakiwa na kina kikubwa mno, hukosa oksijeni. Bati lenye matundu madogo huwekwa juu ili maji yamwagwapo yasivuruge utando.

Maji yapite polepole. Eneo la mchanga katika pipa hilo ni meta za mraba 0.25 hivi. Yakishuka meta 0.1 kwa saa, yatapatikana meta za ujazo 0.025, yaani lita 25 kwa saa.

Maji ya tope yaachwe yatuame kabla ya kuchujwa. Kwa kuwa chujio haliondoi vijidudu vyote, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini baada ya kuchujwa. Aidha, mchanga hauondoi chumvi wala floraidi, ambayo huharibu meno katika baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro.

Maswali
1. Kwa nini klorini isitiwe katika maji kabla ya kuchujwa?
2. Jamaa ya watu 5 hutumia lita 20 kila mtu kwa siku. Chujio lililoelezwa litahitaji saa ngapi?