Vipimo Viko Sawa, Mtoto Hajaja

Wadogo zangu wa Rugu, na nyie wa Nyaishozi, Nkwenda hadi Murongo, leo nazungumza na wale waliokwenda hospitali wote wawili, mke na mume, wakapimwa, wakaambiwa yai linapevuka, mirija iko wazi, mbegu zinatosha na zina nguvu. Halafu daktari akafunga faili na kusema, "Mimi sioni tatizo."

Najua mlivyotoka pale. Mngeambiwa mirija imeziba mngelia, lakini mngejua mnalia nini. Sasa mmerudi nyumbani na jibu ambalo halitoshi hata kumwelezea mama mkwe.

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba linaacha nafasi wazi, na kwetu nafasi wazi haikai siku mbili bila mtu wa kuijaza. Shangazi wa mume atasema ni mambo ya ukoo wa kwenu. Jirani atasema una chango. Muuza dawa wa mnadani, yule mwenye spika, atasema kizazi kina uchafu na anayo chupa ya kukisafisha. Mwingine atakuambia umefungwa, na anayefungua anakaa ng'ambo ya mto. Kila mmoja ana jina la ugonjwa wako, na kila jina lina bei yake. Mimi leo nataka kuwashawishi muiache nafasi hiyo ibaki wazi. Hamlazimiki kuijaza, na hakika hamlazimiki kuijaza kwa kahawa.

Nimesema kahawa makusudi. Mnaijua butura kuliko mimi: kahawa ingali maua mtini, mwenye shida anaiuza kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anamvunia mtu mwingine. Wengine huingia butura kwa ada ya shule, wengine kwa msiba. Lakini wapo waliouza misimu miwili mbele kwa ajili ya dawa za mizizi, halafu wakachukua mkopo wa vikoba kumlipa mganga wa pili aliyesema wa kwanza alikosea. Huyo sasa ana huzuni mbili, na ile ya pili ina riba.

Turudi kwa daktari. Anaposema haoni tatizo, hasemi kwamba halipo. Anasema vipimo alivyonavyo vimefika mwisho. Vinaonyesha yai limetoka, havionyeshi ubora wake. Vinaonyesha njia iko wazi, havionyeshi kama yai na mbegu vikikutana vinaungana, wala kama kilichoungana kinajishikiza vizuri kwenye ukuta wa mji wa mimba. Na si hospitali zetu tu. Ulaya na Marekani pia, kati ya wanandoa wanaohangaikia mtoto, wanaoambiwa hivi ni kama 15 hadi 30 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita hukutana na tatizo la uzazi wakati fulani maishani. Hesabu hiyo ukiileta kanisani Jumapili, benchi moja haliwezi kukosa mtu.

Mkoa wetu wenyewe unayo historia ya jambo hili. Enzi ya Mwingereza, huko Buhaya na ng'ambo Buganda, wakubwa walihangaika kwa sababu wanawake wengi mno walikuwa hawazai. Watafiti wawili wanawake, Audrey Richards na Priscilla Reining, walifanya uchunguzi wa uzazi mwaka 1952, na ripoti yao ikatoka mwaka 1954. Magonjwa ya zinaa yaliyokosa tiba yalitajwa sana miongoni mwa sababu, na dawa kama penisilini zilipoenea watoto waliongezeka. Bibi zetu wangapi waliitwa wachawi kwa ugonjwa ambao baadaye ulitibika kwa sindano? Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaosikia "haijulikani" wakajibu "basi ni laana."

Kabla ya kukubali kwamba nyie ni wa kundi hili, hakikisheni kweli mmepimwa. Wengi wanaoniambia "vipimo viko sawa" nikiwauliza vipi, nakuta ni ultrasaundi moja na kipimo cha mkojo, na mume hajagusa mlango wa maabara. Hapo hujapimwa, umechungulia tu. Vinavyotakiwa ni vitatu: uthibitisho kwamba yai linatoka, picha ya mirija, na kipimo cha mbegu. Picha ya mirija hupigwa baada ya hedhi kuisha na kabla yai halijatoka, na si kila hospitali inaipiga. Ulizeni kwanza Nyakahanga au Isingiro kama ipo au kama mtaandikiwa rufaa ya Bukoba au Bugando, msije mkapanda mchomoko mkafika kumbe siku zenyewe zimepita.

Kuhusu mbegu, baba anatakiwa awe amekaa bila tendo siku mbili hadi saba, na kikopo kifike mikononi mwa mtaalamu ndani ya saa moja. Kwa hiyo cha kutolea nyumbani Rugu kikasafiri na bodaboda hadi Kayanga hakina maana. Atoe hukohuko hospitali. Atatahayari, ndiyo. Mkewe naye ametahayari mara nyingi zaidi kwenye vitanda vya vipimo. Na asiseme "mimi nina mtoto niliyemzaa Omurushaka kabla ya ndoa." Mtoto wa miaka kumi anasema habari za miaka kumi iliyopita.

Nasikia pia habari ya kwenda "kujipima" nje, yaani baba anatafuta mwanamke mwingine aone kama atashika mimba. Wapo na kina mama wanaofanya hivyo kimyakimya. Sitawahubiria, mapadri na wachungaji mnao. Ila kipimo hicho kinaweza kuwaletea nyumbani VVU au kisonono, na kisonono huziba mirija hiyohiyo mliyoambiwa iko wazi.

Majibu yote chukueni kwa maandishi. Toeni nakala, wekeni kwenye bahasha moja isiyolowa. Bila bahasha hiyo kila daktari mpya anaanza upya na nyie mnalipa upya.

Sasa, umri. Kama mama yuko chini ya miaka 35 na mmetafuta chini ya miaka mitatu, nafasi ya mimba kuja yenyewe bado ni kubwa, na daktari anayewaambia msubiri hajawadharau. Kama mama amefika 35, msingoje mwaka mzima kuanza vipimo. Miezi sita inatosha. Akifika 40, aende sasa.

Klomifeni naitaja kwa jina kwa sababu naona mnapeana kama pipi. Kidonge hicho kinamsaidia mwanamke ambaye yai lake halitoki. Wewe ambaye lako linatoka na hamna tatizo lililoonekana, kukimeza peke yake hakukuongezei kitu cha maana, na kinaweza kukuletea mayai mengi kwa mpigo. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2023 kwa watu wa hali yenu inataja kwanza mbegu zilizosafishwa kuwekwa ndani ya mji wa mimba, pamoja na dawa za kuchochea mayai chini ya uangalizi. Si kununua dukani na kumeza kwa kukadiria. Za "kusafisha kizazi", za kunywa na hasa zile za kuingiza ukeni, ziacheni kabisa. Uke unajisafisha wenyewe, na kuuingizia mizizi ni kujitafutia jeraha.

Kupandikiza mimba kwa maabara kupo Dar es Salaam, na wengine huvuka Mutukula hadi Kampala. Ni mamilioni ya shilingi, na hata katika hospitali zinazosifika duniani mara nyingi jaribio moja halitoi mtoto. Mwenye uwezo aende. Asiyenao asiuze kibanja.

Basi, mwezi wenyewe mnauishije? Hapa ndipo barua zenu huwa ndefu.

Kwanza chumbani. Tendo limegeuka zamu ya shamba: leo siku ya hatari, leo lazima, hata kama mchana mmegombana. Mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Ndiyo kusema siku za kushika mimba ni kama sita katika mwezi, zikiishia siku yai linapotoka, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 ahesabu siku ya 14. Mwenye wa 32, siku ya 18. Lakini mkikutana kila baada ya siku mbili tatu mwezi mzima, kalenda mnaweza kuitupa, na mtaweza tena kutaniana kitandani. Kuinua miguu ukutani hakuongezi kitu. Baba apunguze rubisi, na ile iliyochemshwa ikawa gongo aiache kabisa, pamoja na sigara. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo asiache Jumatatu akataka majibu Ijumaa.

Halafu ile siku unapoziona siku zako. Mwenzio mwambie hivyohivyo, "zimekuja." Wapo wanaoficha ili mume asiumie, naye anajifanya hajui ili mke asiumie, nyumba nzima inanyamaza kwa huruma. Siku hiyo acha kwenda kwenye shughuli ya mtoto wa mtu kama huwezi. Kuna anayesema ukikwepa utaonekana una kijicho. Waseme. Tuma sabuni na sukari, uende wiki nyingine moyo ukitulia.

Mama mkwe sasa. Huyu si kazi yako mdogo wangu, ni kazi ya mwanawe. Anayesimama ni mume, na maneno yake yawe machache: "Mama, tumepimwa wote, tunafuatilia hospitali. Likiwepo la kukueleza nitakueleza mimi." Asiseme "mke wangu yuko sawa" wala "shida si yangu", maana hapo familia itaanza kupiga hesabu. Ukiulizwa wewe mbele za watu wakati mnamenya ndizi, "vipi, bado tu?", jibu "tuombeeni" kisha uendelee kumenya. Hutakiwi kutoa ripoti ya kitabibu jikoni. Wifi aliyezidisha, mwite pembeni mara moja, kwa upole, umwambie linauma. Wengine hawajui kweli.

Na watoto wa ndugu mnaowaleta nyumbani. Desturi yetu ya kulea mtoto wa kaka au dada ni nzuri, nami nimelelewa hivyo. Msimlete tu kwa imani kwamba atawafungulia njia. Mtoto ana akili, atajua kama ameitwa kuwa mtoto au kuwa dawa. Wanaotaka kuasili kisheria waende kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaeleza utaratibu, na amri inatolewa na mahakama, si mwenyekiti wa kitongoji.

Limebaki lile mnaloniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, akifa nitafukuzwa?" Ukoo una macho kwenye kibanja, na mwanamke asiye na mtoto huonwa kama mpangaji. Basi sikia. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi iliyotoka mkoa wetu huu, ya Bernardo Ephraim na Holaria Pastory. Bibi Holaria alirithi shamba la ukoo kwa baba yake akaliuza, mpwa akadai mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Kesi haikuhusu utasa, lakini imewafaa wengi. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Na katika mambo ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayataja kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, kukosa mtoto halimo. Lakini sheria ya Dodoma haitakuja yenyewe Rugu. Mkipata hati ya kimila, majina yaandikwe mawili. Mume mwenye kukupenda aandike wosia angali mzima, na wosia huo utunzwe mahali ambapo shemeji hafiki.

Nanyi mliojaliwa, mnaomsoma dada yenu kwa kumchungulia tu jirani: mwacheni huyo mwanamke na ushauri wa majani. Mualikeni ubatizo kama mnavyowaalika wengine. Mwekeni kwenye kamati ya harusi, mpeni na uhasibu wa kikundi kama hesabu anaiweza. Akisema hataweza kuja, jibuni "sawa, tutakuwekea chakula", na msimuulize kwa nini.