Nani Atakuamsha? Mbinu za Fundi Asiye na Mwajiri

Mtu wa Likoni aliyeajiriwa mjini hahitaji wa kumhimiza. Feri inamhimiza. Akichelewa kidogo anakuta watu wamejazana wakisubiri lango lifunguliwe, na akivuka anamkuta mkubwa wake keshatazama saa. Kivuko kile kimekuwa kikiwapangia watu siku zao tangu 1937. Siku anapoacha ajira ili ashone, achore, apige picha za harusi au arekodi nyimbo zake, furaha ya kwanza ni kwamba feri si shida yake tena. Baada ya wiki chache inafika saa nne asubuhi yungali kitandani, simu mkononi, kazi ya watu imelala mezani, naye anajiita mvivu.

Mara nyingi si mvivu. Ajira ilimpa mshahara, lakini ilimpa pia saa ya kuanza, mtu wa kuikagua kazi na mahali pa kuipeleka ikiisha. Alipoacha aliufikiria mshahara peke yake. Hivyo vingine hakuvitafutia badala, na sasa anaviziba kwa video za kuhamasisha ambazo joto lake halifiki adhuhuri.

Mimi ningemtuma Changamwe. Kwenye barabara ya Port Reitz, si mbali na uwanja wa ndege wa Moi, kuna ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft, ulioanza 1963. Uchongaji huu wa kuuza ulishika Ukambani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na anayetajwa kuuleta ni Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekutana na wachongaji wa Tanganyika wakati wa vita. Mabandani pale mafundi wamekaa chini, gogo wamelibana kwa miguu, tezo inapanda na kushuka, na mavumbi yamewafanya wote rangi moja. Anayetazama kwa haraka atadhani ni kiwanda. Sicho. Kila mmoja anachonga kazi yake. Ikiisha inapelekwa kwenye ukumbi wa mauzo ikiwa na namba ya mwenyewe, na ikinunuliwa mwenye namba analipwa baada ya ushirika kukata fungu lake.

Hawa hawana mwajiri, kama wewe. Lakini hakuna anayechonga peke yake chumbani.

Basi cha kwanza ni kutafuta banda. Si lazima liwe la watu wa kazi moja. Mshonaji, mpiga picha na fundi simu wanaweza kukodi chumba kimoja Magongo au Mtopanga, wakagawana kodi na stima. Mnachohitaji kukubaliana ni jambo moja: kila mtu awaambie wenzake jana yake atafika saa ngapi na atafanya nini. Kumdanganya mtu utakayemwona asubuhi ni kugumu kuliko kujidanganya mwenyewe. Wako wasioweza kutoka, hasa mama wenye watoto wadogo wanaochora hina au kushona nyumbani. Hao nao wana saa yao tayari: mlango unapofungwa nyuma ya mtoto anayekwenda shule, kazi inaanza kabla ya vyombo. Vyombo havijawahi kumkimbia mtu. Kisha umtafute mwenzio mmoja, na kila Ijumaa jioni mtumiane picha za kazi iliyokwisha. Iliyokwisha, si iliyoanzwa.

Faida nyingine ya banda ni jicho la mwenzako. Mzee anapita, anasimama, anakwambia miguu ya twiga wako haijatoshana. Hukumuuliza. Unanuna, unageuza gogo, unaona kweli. Jicho hilo huwezi kulipata kwa mioyo myekundu ya TikTok. Mtafute mtu anayeijua kazi kukushinda, umpelekee kitu kimoja tu, na usimuulize kama ni kizuri, maana adabu za Pwani zitamlazimisha akusifu. Muulize: “Ingekuwa yako, ungerudia wapi?” Swali hilo linamruhusu kusema. Na ukiwa mgeni katika fani, kubali kuanzia chini. Kusugua msasa na kung'arisha kwa rangi ya viatu kazi za wengine kunakufundisha makosa yao yote kabla hujapata nafasi ya kufanya yako.

Sasa twiga. Mchongaji anaweza kuchonga twiga yule yule miaka mingi kwa sababu ndiye anayenunuliwa, na vijana wengi wa sanaa humwonea huruma. Mimi sikubaliani nao. Maandishi ya nyuma ya tuktuk, picha za pasipoti, sare za shule na matangazo ya duka la chipsi hulisha nyumba na huutia mkono wepesi. Wanaoidharau kazi ya mkate kwa kawaida wana mtu mwingine anayewanunulia mkate. Hatari yake ni nyingine: mkono unajua njia na jicho linalala. Kwa hiyo kazi yako mwenyewe, ile ambayo hakuna aliyeiagiza, itengee nusu siku maalumu kila wiki. Usiiweke “nikimaliza za wateja,” kwa sababu za wateja haziishi. Iweke mwanzo wa wiki, ukiwa na nguvu.

Nije kwenye jambo ambalo naona linawavunja moyo watu wengi zaidi ya yote, nalo ni kalenda. Kati ya Aprili na Juni masika inapiga, hoteli za Bamburi na za kusini zinapungukiwa na wageni, nyingine zinafunga kabisa. Mpiga picha wa ufuoni anaanza kujiuliza kama kipaji kilikuwepo. Kipaji kipo, ni Mei. Mchoraji hina anajaa kazi mwezi wa Shaaban watu wakikimbizana na harusi, kisha Ramadhani inaingia na simu inanyamaza mpaka baada ya Idi. Mshonaji wa kanzu na madera ni kinyume chake, Ramadhani halali. Na Ramadhani yenyewe huja takriban siku 11 mapema kila mwaka, kwa hiyo baada ya miaka michache itakuwa imeangukia msimu mwingine wa watalii, na hesabu za juzi hazitakufaa.

Fanya hivi. Chukua taarifa yako ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili, jumlisha fedha za kazi zilizoingia kila mwezi, na uziandike kwenye karatasi kubwa ukutani. Juu yake tia alama za Ramadhani, Idi, Krismasi, likizo za shule, masika na msimu wa wageni wa Julai hadi Septemba. Utaona mabonde yanarudi pale pale. Bonde unalolijua halikutishi kama lile linalokuzukia. Kila bonde lipe kazi mapema: kujifunza mbinu mpya, kutengeneza vifaa, kupiga picha za sampuli, kuwatembelea wateja wa zamani. Kazi hiyo iandikwe hapo ukutani kabla ya mwezi kufika, kwa sababu ukifika hutakuwa na moyo wa kuifikiria. Katika miezi ya neema jilipe mshahara usiobadilika na kinachobaki ukiweke kando; ukila kilima chote, bonde litakula mashine yako ya kushonea.

Kuna mabonde yasiyoandikika ukutani. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha korona mwaka 2020, yote yaliwafukuza watalii. Kila fundi wa Pwani anapaswa kuwa na mnunuzi asiyekuja kwa ndege: shule, kanisa, mkahawa, kamati ya harusi. Wachongaji walifanya mabadiliko ya namna hiyo upande wa malighafi. Mpingo na muhuhu ilipoadimika, wengine waligeukia mwarubaini, mwembe na mjakaranda. Kazi ni ile ile, mti ndio uliobadilika, na mwarubaini umejaa nyuma ya nyumba zetu.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Chukua arubuni ya angalau nusu kabla hujanunua vifaa, na mlichokubaliana ukiandike kwenye WhatsApp hata kama mteja ni rafiki. Jamaa ni mtihani mkubwa zaidi, shangazi hakatazwi. Mwambie: “Shangazi, kazi ni zawadi yangu, kitambaa utaninunulia wewe.” Umemheshimu na hukuingia hasara ya fedha taslimu. Mkopo binafsi wa Hustler Fund, ule mfuko wa serikali, hulipwa ndani ya siku 14, kwa hiyo unamfaa anayeuza viazi karai jioni, haumfai anayechonga kitu kitakachokaa rafuni miezi mitatu. Kwa ajili ya uzee, NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa waliojiajiri, kuanzia shilingi 25 kwa siku.

Na utie namba yako. Jina na simu nyuma ya kila kazi, kwenye pembe ya kila picha, mwishoni mwa kila video. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema haki ni yako tangu kazi inapotiwa katika umbo la kushikika, hata kama hujaisajili. Lakini siku ya ubishi utaulizwa ushahidi, basi hifadhi michoro ya mwanzo na tarehe zake.

Wapo watakaofanya haya yote na bado kodi ya nyumba ikawashinda. Kurudi kwenye kibarua siku tatu kwa wiki, godauni za Changamwe au hotelini Bamburi, si kushindwa. Ni mtaji usio na riba. Ila kabla ya kukubali zamu, chungulia ile karatasi ya ukutani, kisha muulize msimamizi kama anaweza kukuachia Jumatatu asubuhi.