Nguvu Ikiongezwa Kwenye Pikipiki, Nani Ataibeba?

Jioni moja ndugu mmoja alifika darasani kwetu akisukuma pikipiki. Aliinunua kwa mkopo, naye hubeba abiria na magunia. Fundi alimwekea silinda na pistoni ya 150 badala ya 125 ili apande mlima bila taabu. Siku ya nne, mlimani, injini ililia sana lakini pikipiki ikatambaa tu. Harufu ya kuungua ikatoka. Sahani za klachi zimekwisha! Mkopo, lakini, haukuungua.

Tuanze na namba. Katika injini ya 125 iliyoenea sana vijijini, pistoni ina upana wa milimita 56.5. Ya 150 ina upana wa milimita 62. Mwendo wa kupanda na kushuka ni uleule, milimita 49.5. Ndiyo maana mafundi huona kazi ni rahisi. Lakini moto wa petroli sasa unasukuma sehemu iliyo kubwa zaidi kwa kama 20 kwa mia.

Nguvu hiyo inakwenda wapi? Inatoka kwenye pistoni, inapita kranki, klachi, gia na cheni, mpaka gurudumu la nyuma. Ni kama tunavyopitisha matofali mkono kwa mkono tukijenga shule. Akiwepo mmoja dhaifu, tofali litaanguka kwake.

Kwa ndugu yetu, mdhaifu alikuwa klachi. Sahani zake hubanwa pamoja na springi. Springi zikilegea, sahani zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Kwa hiyo ukiongeza nguvu, weka sahani mpya na springi ngumu zaidi. Tazama pia waya wa klachi. Mkono wake lazima uchezecheze kidogo kabla ya kukaza. Usipocheza, hata sahani mpya zitateleza. Kutazama hivyo ni bure kabisa.

Halafu oili. Hapa ndipo kusoma kunalipa! Soma kopo kabla ya kulipa. Tafuta maneno JASO MA. Maana yake, oili hiyo inafaa klachi inayokaa ndani ya oili. Ukikuta JASO MB, iache. Ni laini mno kwa klachi yako.

Kabureta nayo isisahauliwe. Injini kubwa inavuta hewa nyingi, basi inataka petroli zaidi. Fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo, injini inachemka, na pistoni inaweza kutoboka. Mwambie fundi abadilishe kitundu cha petroli kiwe kikubwa kidogo. Cheni iliyochakaa ibadilishwe pamoja na meno yake. Na breki je? Breki ni zilezile za zamani, nawe sasa unakwenda kasi. Anza nazo.

Sisi tulimwuliza ndugu yetu: ulitaka mbio au ulitaka kupanda mlima? Alitaka mlima. Kumbe angeweza kubadilisha gia ndogo ya mbele ya cheni, toka meno 15 kuwa 14. Mbio zingepungua kidogo, lakini mvuto kwenye gurudumu ungeongezeka kama 7 kwa mia, na injini isingeguswa. Sasa amerudisha silinda ya 125 na kuweka meno 14.

Maswali
1. Pikipiki yako ina meno mangapi mbele? Hesabu.
2. Kopo la oili unayotumia limeandikwa nini?