Kufundisha Usafi wa Meno: Nadharia na Vitendo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha mwaka juzi nilikaa nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi kwenye miteremko ya Mlima Meru, nikiwa na andalio la somo la mwanachuo wangu mkononi. Somo lilikuwa "Usafi wa Meno". Andalio lilikuwa kamili: madhumuni, zana, hatua za somo, maswali ya tathmini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipitia jioni iliyotangulia na kulitia sahihi. Mwalimu alichora jino ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake, akawaeleza watoto kwamba yapasa kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Kisha akatundika picha mbili: kinywa chenye meno meupe na kinywa chenye meno ya kahawia. Chini ya picha ya kwanza aliandika "safi". Chini ya ya pili, "chafu".

Darasa likanyamaza. Watoto wengi wa shule ile wana meno ya kahawia. Msichana mmoja wa dawati la pili alisimama, mkono ukiwa umefunika mdomo, akasema, "Mwalimu, mimi napiga mswaki kila siku." Mwalimu akamjibu, "Basi hupigi vizuri." Msichana akaketi. Kwa dakika zote zilizobaki hakuna mtoto aliyenyoosha mkono, na wimbo wa kumalizia somo uliimbwa na midomo iliyofumbwa nusu.

Sikusudii kumwaibisha mwanachuo yule, maana kosa lilipita mbele ya macho yangu na kupata sahihi yangu. Nakusudia kuonyesha kwamba somo la usafi wa meno, ambalo wengi wetu hulihesabu miongoni mwa masomo mepesi ya kujazia kipindi, humdai mwalimu nadharia sahihi kabla ya kumdai mswaki na ndoo ya maji. Mwalimu mwenye nusu ya nadharia atatoa hukumu juu ya kinywa cha mtoto, na mtoto atabeba hukumu hiyo nyumbani.

Nadharia ambayo mwalimu hana budi kuijua

Tuanze na kuoza kwa jino. Juu ya jino, hata lile lililosafishwa asubuhi, hujengeka utando laini, mweupe au wa manjano kidogo, uitwao ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni makazi ya bakteria. Bakteria hao hutumia sukari tunayokula na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini yaliyomo katika gamba la jino. Mate hupambana na asidi hiyo na hulirudishia jino baadhi ya madini yake, lakini kazi hiyo huchukua muda, yapata nusu saa au zaidi kila mara mtu alapo kitu kitamu. Kwa hiyo jambo la kuangaliwa si wingi wa sukari peke yake, bali ni mara ngapi sukari inaingia kinywani. Mtoto alaye peremende tano pamoja na chakula cha mchana huyaumiza meno yake kidogo kuliko yule amung'unyaye hizo hizo tano, moja moja, tangu asubuhi hadi jioni.

Jambo hili lilithibitishwa katika hospitali ya Vipeholm, karibu na mji wa Lund nchini Uswidi, kwa utafiti ulioanza mwaka 1945 na ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1954. Wagonjwa waliopewa peremende za kunata kati ya mlo na mlo ndio waliooza meno zaidi. Wagonjwa wale walikuwa watu wenye ulemavu wa akili, ambao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Leo hakuna anayeruhusiwa kufanya utafiti wa namna hiyo. Tunautumia ukweli uliopatikana, lakini si vyema kuutumia bila kujua ulipatikanaje.

Kutokana na nadharia hii mwalimu aweza kujibu swali ambalo watoto huuliza mara nyingi: kwa nini usiku? Kwa sababu mtu alalapo mate hupungua sana, na jino lililolala na ukoga na sukari hubaki bila mlinzi hadi alfajiri. Kama familia ina maji au nafasi ya kusafisha meno vizuri mara moja tu kwa siku, mara hiyo na iwe kabla ya kulala.

Sasa nije kwenye meno ya kahawia. Maji ya sehemu nyingi za Arusha, hasa yatokayo katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, yana madini ya floridi kwa kiasi kinachozidi mara kadhaa miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anywapo maji hayo katika miaka ya kwanza ya maisha yake, wakati meno ya kudumu yangali yakijengwa ndani ya taya, gamba la meno huumbwa na kasoro. Meno hutoka yakiwa na mabaka meupe kama chokaa, na baadaye mabaka hugeuka ya kahawia. Penye floridi nyingi zaidi gamba hutoboka vishimovishimo na kumeguka. Rangi hiyo imo ndani ya jino. Haitoki kwa mswaki, kwa majivu, wala kwa mchanga, na wale wanaosugua kwa mchanga wanalimaliza gamba lililobaki.

Hata wataalamu walichukua muda mrefu kulielewa jambo hili. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia, na sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1931 ilipogunduliwa kwamba ni floridi katika maji ya kunywa. Ikiwa madaktari walihitaji miaka 30, mwanachuo wa mwaka wa kwanza asamehewe. Ila asamehewe mara moja tu, kwa kuwa sasa jibu linajulikana.

Hapa mwanachuo mwangalifu atauliza: mbona dawa ya meno ya dukani huandikwa kwamba ina floridi? Kiasi kidogo, kinachogusa jino kwa nje, hulisaidia gamba kushindana na asidi. Madhara tunayoyasema hutokana na floridi nyingi inayomezwa siku kwa siku meno yanapojengwa. Na ikimezwa kwa wingi kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Kwa hiyo mtoto wa shule atie dawa kiasi cha punje ya mbaazi, na ateme, asimeze.

Liko jambo moja tena, fupi, lakini kwa mwalimu wa darasa la kwanza lina uzito kuliko yote. Mtoto ana meno ya utoto 20, na mtu mzima aliyetimia ana 32. Afikapo umri wa miaka 6 au 7 huota gego la kwanza la kudumu, nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa kuwa haling'oi jino lolote ili kupata nafasi, wazazi hawalioni likija, na walionapo hudhani ni la utoto, litang'oka. Halitang'oka ili jingine lije. Likioza limeoza. Gego hili huota mtoto akiwa mikononi mwetu, katika dawati letu, na mara nyingi mtu mzima wa kwanza kumwambia habari zake ni mwalimu.

Somo lenyewe

Usianze na mchoro wa jino. Anza na kinywa cha mtoto. Kila mtoto achukue kijiti safi, kilichochongwa na kulainishwa ncha, akwangue taratibu jino lake la nyuma karibu na ufizi, kisha atazame ncha ya kijiti. Atauona ukoga. Kila mtoto akague kinywa chake mwenyewe; mwalimu asitie kidole katika kinywa cha mwanafunzi, wala asimwite mtoto mbele ili wenzake wamtazame meno. Kijiti kikishatumika kinatupwa shimoni na kufukiwa.

Siku moja kabla, tia ganda la yai katika glasi yenye siki, na ganda jingine katika glasi yenye maji matupu. Watoto wataona mapovu yakitoka katika siki, na kesho yake ganda litakuwa limelainika. Waeleze bila kuficha kwamba ganda la yai si jino, na siki si asidi ya bakteria; kinachofanana ni asidi kuyeyusha madini. Nimewahi kumsikia mwalimu akisema "hili ndilo jino lenu", na mtoto mmoja akauliza kama kuku ana meno.

Kwa kufundisha namna ya kusafisha, zana iliyo bora kuliko picha zote ni mkono. Mtoto akunje ngumi, mwenzake ampake ugali laini juu ya vidole na katikati ya vidole, kisha ajaribu kuuondoa kwa brashi akisugua kwa kukatisha. Juu ya vidole patakuwa safi, lakini katikati ugali utabaki. Ndipo umwonyeshe kuielekeza brashi kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwa miendo mifupi, bila kutumia nguvu, upande wa nje, upande wa ndani, kisha juu ya magego. Wakumbushe mahali pa gego la miaka sita. Brashi nyingi huishia kabla ya kulifikia.

Wanachuo wengi huniambia kwamba zoezi hili haliwezekani kwa sababu watoto hawana miswaki. Lugha yetu yenyewe yatukumbusha: brashi ya dukani imeitwa mswaki kwa kuwa kijiti kilitangulia. Mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica umetumika kwa kazi hii tangu kale, na bado hutumika. Kijiti kibichi hutafunwa ncha mpaka nyuzi zichanuke, husuguliwa taratibu karibu na ufizi, na ncha iliyochakaa hukatwa. Kila mtoto awe na chake. Kuazimana ni mwiko. Wala asikimbie nacho kinywani. Vijiti vya miti usiyoijua usiviruhusu mpaka umewauliza wazee wa mahali hapo na mganga wa zahanati.

Maji nayo yasiwe kisingizio. Darasa la watoto 80, kila mmoja akipewa nusu kikombe, yaani mililita 100, hutumia lita 8. Ndoo moja ya lita 20 yatosha, na yanayobaki ni ya kunawia mikono. Chimbeni mtaro mdogo wa kutemea, mbali na kisima.

Kuhusu tathmini nitasema machache. Swali la "Taja sababu mbili za kupiga mswaki" hupima kumbukumbu. Rudia kijiti cha kukwangulia baada ya wiki mbili, bila kutangaza, na kila mtoto alinganishe na alichokiona siku ya kwanza. Usiandike majina ubaoni.

Jioni ile baada ya kipindi tulikaa naye mwanachuo wangu chini ya mti, nikamweleza habari za floridi, nami nikakiri kwamba nilitia sahihi bila kuifikiria shule aliyokwenda kufundisha. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mkufunzi, naomba nirudie kipindi." Asubuhi alisimama mbele ya darasa akaanza hivi: "Jana niliwaambia jambo lisilo kweli." Akaishusha ile picha ya pili. Akaeleza kwamba meno ya kahawia yanaweza kuwa safi na meupe yanaweza kuwa na ukoga, akawagawia vijiti wakajionee.

Msichana yule alinyoosha mkono mwisho kabisa. Hakuuliza juu ya meno yake. "Mwalimu, mdogo wangu ana miaka miwili. Ya kwake je?"

Mwalimu alijibu kwamba meno ya kudumu ya mdogo wake bado yanajengwa. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi yana floridi kidogo sana. Hayo awekewe mtoto ya kunywa na ya kupikia uji, yakichemshwa kwa ajili ya vijidudu, na chakula chake kisitiwe magadi, kwa kuwa magadi ya huko huwa na floridi pia. Tulipotoka darasani alinionyesha andalio lake la Hisabati la wiki iliyofuata, akitaka nilisome mara mbili kabla ya kutia sahihi. Somo lilikuwa ujazo: mtoto wa miaka miwili hutumia vikombe vingapi vya maji kwa siku, na pipa moja la maji ya mvua litamtosha siku ngapi.