Kumtambua Mtengenezaji wa Gitaa Kongwe la Stili la Pedali Kabla ya Kulipa

Gitaa la stili la pedali ni ala iliyozaliwa na kukulia Marekani, na ndiyo inayotoa ile sauti ya kuteleza na kulia isikikayo katika muziki wa kantri. Ala hii haipakatwi. Husimama juu ya miguu yake mfano wa meza nyembamba. Mpigaji huketi nyuma yake, hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzidonoa kwa mkono wa kulia. Wakati huohuo hukanyaga pedali kwa miguu na kusukuma nyenzo kwa magoti, ili nyuzi zikazike au zilegee.

Magitaa ya aina hii yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1970 bado yanauzwa, na mlaji wa hapa kwetu huweza kuyakuta katika matangazo ya mtandaoni ya wauzaji walio Marekani. Bei yake hutegemea kwa sehemu kubwa jina la mtengenezaji. Kwa hiyo jina hilo ni sehemu ya kitu anacholipia mnunuzi, na anayo haki ya kulihakiki kabla ya kutoa fedha yake. Tumeandaa somo hili ili kuonyesha namna ya kufanya hivyo.

1. Jina la mbele lisitoshe

Bamba lenye jina hushikiliwa na skrubu chache au gundi tu, na laweza kuhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine. Hata jina ambalo halikuguswa tangu kiwandani huweza kumpotosha asiyejua historia yake. Paul Bigsby wa Downey, California, aliyetengeneza magitaa kwa oda, aliweka mbele ya baadhi yake jina la mpigaji aliyeagiza. Gitaa alilomtengenezea Speedy West lilibeba jina la Speedy West. Vilevile, baadhi ya magitaa yaliyotengenezwa na Sho-Bud yaliuzwa yakiwa na jina la Baldwin.

Sho-Bud yenyewe ilianzishwa Nashville katika miaka ya 1950 na Shot Jackson pamoja na Buddy Emmons, na jina lake limeunganishwa kutokana na majina yao. Katika siku zao za mwanzo walikuwa wakiongeza pedali kwenye magitaa ya makampuni mengine. Gitaa moja huweza, basi, kuwa na mwili wa kampuni moja na mitambo ya kampuni nyingine bila udanganyifu wowote, ili mradi muuzaji aseme hivyo.

2. Tazama upande wa chini

Mitambo inayounganisha pedali na nyuzi imefungwa chini ya gitaa, na kuibadilisha yote ni kazi kubwa na ya gharama. Ndiyo maana upande huo ni shahidi bora kuliko bamba la mbele.

Fender 1000, iliyotoka mwaka 1957, ina safu mbili za nyuzi, kila safu ikiwa na nyuzi 8, na pedali zake huvuta kwa kebo za waya. Watengenezaji wengi waliofuata walitumia fito nyembamba za chuma badala ya kebo. Buddy Emmons alipoondoka Sho-Bud na kuanzisha kampuni yenye jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1960, magitaa yake yalijulikana kwa mfumo wa kuvuta na kusukuma: uzi hukazwa kwa kuvutwa na hulegezwa kwa kusukumwa. Katika magitaa mengi ya baadaye, kazi zote mbili hufanywa kwa kuvuta. Kwa hiyo gitaa linalonadiwa kuwa ni Fender ya mwaka 1957, lakini likawa na fito tupu na hakuna kebo hata moja, linahitaji maelezo ya kuridhisha.

Angalia pia matundu ya skrubu yasiyotumika, vivuli vya vipuri vilivyoondolewa, na mahali ambapo mbao ina rangi mpya kuliko sehemu nyingine. Hizo ni dalili za gitaa lililobadilishwa.

3. Soma namba

Namba ya gitaa, pale inapokuwepo, ipigwe picha na ilinganishwe na magitaa mengine ya mtengenezaji huyohuyo. Namba nyingine hupatikana kwenye kidhibiti cha sauti, yaani kifaa kidogo cha umeme kilicho nyuma ya kitufe cha kuzungusha. Kwa mfano, 1376612 husomwa hivi: 137 ni alama ya kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, na 12 ni wiki ya 12. Namba hii haimtaji aliyetengeneza gitaa, lakini huweza kuvunja dai la uongo. Ikiwa kifaa hicho ni cha asili, gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya wiki hiyo. Kagua ulehemu wake uone kama umeguswa.

4. Pima maneno ya muuzaji

Kifungu cha 2-313 cha Kanuni Sare ya Biashara, ambayo majimbo karibu yote ya Marekani yameikubali, huyahesabu maelezo ya bidhaa yaliyokuwa msingi wa mapatano kuwa ni dhamana ya muuzaji. Maoni yake tu hayahesabiwi hivyo. Kwa mauzo ya hapa nchini, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Kwa sababu hiyo, “hili ni gitaa la Emmons” na “nadhani hili ni la Emmons” ni kauli mbili zenye uzito tofauti kabisa. Ya kwanza inampa mnunuzi mahali pa kusimamia madai yake. Ya pili inamwachia hasara.

Kabla ya kulipa, mlaji ahakikishe kwamba:

(a) amepata picha za upande wote wa chini, ncha zote mbili na kila namba;
(b) jina la mtengenezaji limeandikwa bila “nadhani” wala “huenda” katika ankara;
(c) vipuri vilivyobadilishwa vimetajwa kimoja kimoja;
(d) masharti ya kurudisha gitaa na nani atalipia usafirishaji yameandikwa;
(e) amehifadhi tangazo la awali, kwani laweza kufutwa baada ya mauzo.

Gitaa lisilojulikana mtengenezaji huweza kuwa zima na lenye sauti nzuri, na si kosa kulinunua. Lakini muuzaji akikataa kuonyesha upande wa chini au kuandika jina, tunashauri mlaji alihesabu gitaa hilo kuwa halijulikani, na atoe bei ya gitaa lisilojulikana.